Nafaka Ndogo za Mababu Zetu: Habari za Mawele, Mtama na Wimbi katika Ukambani



Katika mkutano mkuu wa mwaka uliopita, baada ya Mtunza Hazina kusoma hesabu ya Mfuko wa Njaa, mzee mmoja aliyekaa safu ya nyuma alisimama kwa mkongojo wake akauliza swali moja tu. Alisema, "Nimesikia hesabu ya magunia ya mahindi tuliyoyanunua na kuyapeleka nyumbani. Sasa karani atuambie: baba zetu, kabla ya kuwapo chama hiki na kabla ya kuwapo malori, walikuwa wakinunua magunia mangapi?" Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, walakini hapakuwa na mtu wa kujibu, na swali likaandikwa katika daftari la mkutano kama yaandikwavyo maswali yote. Halmashauri ilipokutana mwezi uliofuata iliona ya kuwa lile halikuwa swali la mzaha, ikatuagiza tutafute jawabu lake na kulitia katika taarifa hii. Jawabu limekuwa refu kuliko tulivyodhani, kwa sababu halimo katika vitabu vya hesabu bali limo katika habari za shamba na ghala.

Hapana budi tukiri jambo moja kabla ya kuendelea. Sisi tulioshika kalamu ya chama hiki tulilelewa kwa mahindi. Katika shule ya misheni tuliyosomea tulikula mahindi na maharagwe kila jioni kwa muda wa miaka minne, na uji wa mawele tuliuhesabu kuwa chakula cha bibi zetu na cha wagonjwa. Hata neno lenyewe la Kiswahili, uwele, ambalo ndilo mwee wa kwetu, tulilijua tukiwa watu wazima. Basi msomaji asidhani kwamba anafundishwa na mkulima. Anayeandika ni karani aliyekwenda kuuliza, na akina mama waliomjibu walikuwa wakimcheka.

Kwanza tutenganishe majina, maana watu wa mjini huyachanganya yote wakaita "nafaka za kienyeji" kana kwamba ni kitu kimoja. Mtama, ambao ni muvya kwetu, una shina nene kama la muhindi na kichwa cha punje za duara. Mawele yana suke refu lililosimama mfano wa mkia wa mnyama. Wimbi, ambao watu wa pwani na Tanzania huuita ulezi, una suke lililokunjwa kama vidole vya mkono, na punje zake ni ndogo kuliko zote. Tabia zao hazifanani. Wimbi hupenda mvua zaidi na nchi ya vilima, na mtu akiupanda katika mchanga mkavu wa mashariki ya Kitui atajuta. Mtama huvumilia zaidi. Mawele ndiyo yenye kuishi pale ambapo mvua ya msimu mzima haipiti milimita 300, na udongo ni mchanga mtupu usio na rutuba. Anayezisifu nafaka hizi zote kwa sifa moja huziharibia jina, kwa kuwa mkulima akidanganywa mara moja hasikii tena mara ya pili.

Wataalamu wa mambo ya kale wanasema wimbi ni mzaliwa wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, kati ya Uhabeshi na Uganda. Mtama ulianza kulimwa mashariki ya Sudani yapata miaka 5,000 iliyopita, na mawele yakaanza katika nchi za ukingo wa Sahara upande wa Mali miaka kama 4,500 iliyopita. Hapa Kenya, kwenye pango la Kakapel karibu na Mlima Elgon katika Busia, wachimbuzi walikuta mabaki ya kunde za miaka 2,300 iliyopita na ya wimbi wa miaka yapata 1,000. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2024. Mahindi ndiyo mgeni. Asili yake ni Amerika, na yalifika pwani yetu pamoja na Wareno katika karne ya 16, yakakaa huko muda mrefu kabla ya kupanda bara. Twayasema haya kwa sababu katika mkutano mwanachama mmoja kijana alituambia kwamba kurudi kwenye mawele ni "kuacha chakula cha Mwafrika." Hatumlaumu, maana nasi tulidhani hivyo hivyo.

Nafaka hizi zilisafiri pia. Wimbi ulivuka bahari zamani ukafika Bara Hindi, na huko Karnataka huitwa ragi. Mawele nayo yalifika huko yakawa chakula kikuu cha watu wa Rajasthan, nchi ya jangwa, kwa jina la bajra. Wahindi wenyewe wanayo nafaka ndogo ya kwao, ambayo katika Madhya Pradesh huitwa kutki na katika Tamil Nadu samai. Ni mmea mfupi kuliko wimbi wetu, wenye punje ndogo mno. Mabaki yake yameonekana katika mji wa kale wa Harappa, wa miaka zaidi ya 4,000 iliyopita. Huiva kwa muda wa miezi mitatu hivi, hustahimili ukame na hata maji yakituama shambani kwa siku chache hautakufa upesi. Watu wa makabila ya Baiga na Gondi huipanda kwenye miteremko ya vilima yenye mawe, mahali ambapo mpunga haukubali. Tumeitaja kwa sababu yaliyoipata kule ni ndugu wa yaliyotupata hapa. Tangu miaka ya 1960 serikali ya India ilinunua mchele na ngano kwa bei iliyowekwa na kuviuza kwa bei nafuu katika maduka ya mgao, na kutki ikaachwa kwa watu wa milimani, ikaitwa chakula cha maskini. Mwaka 2017 jimbo la Odisha lilianza mpango wa kuzirudisha nafaka hizi mashambani na katika vyakula vya shule, na kwa ombi la India Umoja wa Mataifa uliamua mwaka 2021 kwamba mwaka 2023 uwe mwaka wa nafaka hizo duniani kote.

Tuje sasa nyumbani. Mababu zetu hawakuwa na Mfuko wa Njaa, lakini walikuwa na mambo manne yaliyofanya kazi ya mfuko. Kwanza ni ghala, ambamo mawele na wimbi vilikaa miaka, maana punje ya wimbi ni ndogo hata fukusi hapati mahali pa kuingia. Pili ni ng'ombe na mbuzi. Tatu ni mashamba mengi mahali mbalimbali, moja bondeni na jingine kilimani, ili mvua ikikosa hapa ipate kule. La nne ni safari, ile tuliyoiita kuthuua: njaa ikiingia, mtu alichukua mifugo au vitu vyake akaenda kwa majirani wa milima, kwa Wakikuyu au Waembu, akabadilisha kwa chakula au akakaa huko kwa rafiki na mashemeji mpaka mvua irudi. Basi jawabu fupi la swali la mzee ni kwamba baba zetu nao walinunua chakula. Tofauti ni kwamba walinunua baada ya ghala kwisha, ilhali sisi twanunua kwa sababu ghala halipo.

Mzee mwingine atatuuliza mara moja: kama mawele yalikuwa na nguvu hivyo, mbona Ngomanisye? Ni swali la haki. Njaa ile ya mwaka 1898 na 1899, ambayo jina lake lamaanisha kwamba ilienea pote, iliwaua watu wengi mno, na wakati huo hapakuwa na mahindi ya kulaumiwa. Lakini tazama yaliyotangulia. Katika miaka ya kwanza ya 1890 tauni ya ng'ombe ilikuwa imepita ikifagia mazizi, kwa hiyo jambo la pili katika yale manne lilikuwa limekwisha kuvunjika. Misafara ya wageni na ya reli ilikuwa ikipita ikinunua nafaka njiani. Kisha mvua ikakosa misimu kadhaa mfululizo, si mmoja, na hakuna mmea unaozaa bila maji hata kidogo. Mwisho ndui ikaingia katika miili iliyodhoofika, na waliokwenda kuthuua waliikuta njaa na ndui huko huko walikokimbilia. Reli ilifika Nairobi Mei 1899, ikipita katikati ya nchi iliyojaa mifupa. Mawele si hirizi, na Halmashauri haiwaombi wanachama wayaone hivyo. Hutuokoa katika mwaka mbaya; katika miaka mibaya mitatu huhitaji wenzake.

Mahindi yaliingiaje? Watu husema serikali ya kikoloni ilitulazimisha, na ni kweli kwa sehemu. Sehemu ile ni Vita Kuu ya Kwanza. Vijana wetu walichukuliwa kwa maelfu kuwa wapagazi wa jeshi, na tangu mwaka 1917 shughuli hiyo ilisimamiwa na Bwana John Ainsworth, yule yule aliyewahi kukaa Machakos. Chakula chao kilikuwa posho ya unga wa mahindi, mara nyingi uliopikwa nusu kwa kukosa kuni na muda. Watu waliozoea mawele, mtama na maziwa waliugua tumbo la kuhara damu, na wapagazi waliokufa kwa maradhi katika vita ile ni makumi ya maelfu. Mtaa wa Kariokor mjini Nairobi umebaki na jina lao. Waliorudi walikuwa wamekwisha kuzoea posho. Na nyumbani mambo hayakuwa mema: katika miaka hiyo ugonjwa uliingia mashamba ya nafaka ndogo, ukame wa mwaka 1918 ukafuata pamoja na homa kali ya mafua, na watu wenye njaa walikula hata mbegu. Mbegu iliyoliwa hairudi. Iliyokuwako kwa wingi, kwa serikali na kwa walowezi, ilikuwa ya mahindi meupe yaliyotoka Afrika Kusini.

Hata hivyo haitakuwa haki kuishia hapo, kwa kuwa sehemu kubwa zaidi ya habari hii ni kwamba mama zetu waliyachagua mahindi wenyewe, na walikuwa na sababu njema.

Sababu ya kwanza ni ndege. Shamba la mawele lililokaribia kuiva ni karamu iliyoandaliwa wazi. Kweleakwelea hushuka kwa maelfu kama wingu, na katika asubuhi moja huweza kumaliza kazi ya msimu mzima. Kwa hiyo desturi ilikuwa kujenga dungu katikati ya shamba, na watoto wakapanda juu yake tangu alfajiri hata jua kutua, wakiamia ndege kwa kombeo, kwa debe na kwa sauti zao, muda wa mwezi mzima au zaidi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya watoto. Halafu shule zikafunguliwa. Mwalimu alitaka watoto wawe darasani saa mbili asubuhi, na ndege hawakubadili ratiba yao. Mama aliyewapeleka watoto wanne shuleni aliteremsha walinzi wanne kutoka kwenye dungu. Muhindi haukuhitaji mlinzi wa namna hiyo, maana punje zake zimefunikwa ndani ya maganda kama barua ndani ya bahasha. Sisi ambao leo tunaandika na kuweka hesabu tuliteremshwa kwenye dungu kwa gharama hiyo, ijapokuwa hatukuambiwa. Hatusemi kwamba ilikuwa biashara mbaya. Twasema tu kwamba bei yake haikuandikwa mahali popote.

Sababu ya pili ni kazi ya mikono. Mawele na mtama hukatwa suke kwa suke, hupurwa kwa fimbo, hupepetwa katika ungo, hutwangwa katika kinu na kusagwa juu ya jiwe, na kazi hizo zote, ukiondoa kupura, huwa za mwanamke. Mahindi hupukuchuliwa wakati watu wakizungumza, na mashine ya kusaga ilipofika sokoni ilipokea mahindi debe zima na kuyarudisha unga kabla mazungumzo hayajakwisha. Mama mmoja mkongwe wa upande wa Mwingi alituambia, tulipomuuliza kwa nini aliacha mwee, "Mwanangu, mgongo." Hakuongeza neno, nasi hatukumwuliza zaidi.

Ya tatu ilikuwa fedha. Mahindi yalikuwa na mnunuzi kwenye kila stesheni ya reli, ilhali mwee ulinunuliwa na jirani tu.

Kwa hiyo kufikia miaka ya 1930 mahindi yalikuwa yamekwisha kuteremka kutoka vilima vya Machakos hadi nchi kavu ambako hayakustahili kuwapo. Mwaka 1938 serikali ilichukua ng'ombe kwa nguvu ikisema wamezidi, ndipo Muindi Mbingu alipowaongoza watu kwenda Nairobi kwa miguu kudai haki yao. Habari hiyo wazee waijua kuliko sisi. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali iliweka udhibiti wa biashara ya mahindi, na mlowezi alilipwa bei bora kuliko Mwafrika. Mwaka uliofuata njaa ikaingia, na majirani zetu Wakikuyu wakaiita njaa ya mihogo kwa chakula kilichowaokoa.

Wazee wameyatazama majina ya njaa zetu? Sisi tulipoyapanga kwa miaka tuliona jambo ambalo hatukulitarajia. Njaa ya mwaka 1961 huitwa Ndeke, kwa sababu ndege za serikali ziliangusha chakula baada ya ukame kufuatwa na mafuriko. Ya mwaka 1965 huitwa Atta, kwa unga ulioletwa kutoka nje. Ngomanisye ilipewa jina kwa kile ilichotufanyia, na hizi za baadaye kwa kile tulicholetewa.

Wakati huo huo serikali na wataalamu wa kilimo walifanya kazi ya kusifiwa. Kitale ilitoa mahindi ya mbegu chotara mwaka 1964, na kituo cha Katumani karibu na Machakos kikatoa katika miaka hiyo ya 1960 mahindi yanayoiva upesi kwa ajili ya nchi kavu kama yetu. Familia nyingi za wanachama wetu zilisomeshwa kwa Katumani, na asiyesema hivyo ni mwongo. Walakini ifahamike Katumani hufanya nini: huukimbia ukame, hauvumilii. Huiva kabla mvua haijakwisha, lakini mvua ikikatika mapema, muhindi ukiwa katika kutoa maua, habari imekwisha. Ua la dume hutoka juu na nywele za hindi hutoka ubavuni, nazo lazima zikutane kwa siku chache tu. Ukame wa wiki mbili katika siku hizo huchelewesha nywele, chavua ikamwagika bure, na mkulima akabaki na majani mazuri na magunzi matupu. Mtama hukunja majani yake, hulala usingizi, na mvua ikirudi huamka na kuendelea. Mawele hutuma mizizi chini sana, na tena hutoa machipukizi pembeni, ili shina la kwanza likifa suke litoke katika la pili au la tatu. Bwana shamba aliyetueleza haya alichora picha kwenye ubao, na tulipoinukuu katika daftari letu tuliona haya kwamba bibi yetu aliyajua yote bila ubao.

Ndipo tunafika mwaka 1984, ambao wanachama wengi waliukuta wakiwa watoto. Mvua za masika zilikosa karibu nchi nzima. Njaa ile watu wa kwetu waliiita Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa nimeshika fedha mkononi. Walikuwako waliokuwa na mishahara, waliokuwa wameuza kahawa, waliotumiwa fedha na watoto wao wa mjini. Walikwenda dukani na dukani hamkuwa na kitu, mpaka yale mahindi ya manjano kutoka ng'ambo yalipofika. Twaomba wanachama walifikirie jina hilo kwa utulivu kabla ya kupiga kura, maana Mfuko wetu wa Njaa wote, tangu shilingi ya kwanza, ni fedha mkononi.

Kisha kuna jambo la mwaka 2004, ambalo Halmashauri ilisita kulichapa, lakini mwishoni ilikubali. Katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani watu walikula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yakaota kuvu lenye sumu, ile ambayo mabwana afya huiita aflatoksini. Watu 317 waliugua na 125 wakafa. Chakula kile hakikuwa kichache, kilikuwako, kikaua. Hatudai kwamba nafaka ndogo haziwezi kuharibika, maana kila punje ikiwekwa mbichi huoza. Lakini punje ndogo hukauka upesi juani, ilhali kuyakausha mahindi kama ipasavyo kwataka siku nyingi na mahali pakavu, na mtu mwenye njaa hana siku nyingi.

Mtama nao umepata majaribu yake ya karibuni. Mtama mweupe uitwao Gadam ulinunuliwa kwa wingi kutengeneza bia ya bei nafuu, na mashamba mengi ya kwetu yakarudi kwenye mtama, si kwa kula bali kwa kuuza. Mwaka 2013 serikali iliitoza bia hiyo kodi kubwa, mauzo yakaanguka, na wakulima wakabaki na magunia bila mnunuzi mpaka kodi ilipopunguzwa mwaka 2015. Wengine walikata tamaa kabisa. Mmoja alituambia kwamba alikuwa na mtama ndani ya nyumba na huku akipanga foleni kununua unga wa mahindi, kwa sababu watoto wake hawakujua ugali wa mtama. Kati ya yote tuliyoyasikia mwaka huu, hilo ndilo lililotukaa moyoni.

Na mwisho ni miaka ambayo hesabu zake zimo katika taarifa zetu wenyewe. Kuanzia vuli ya mwaka 2020 hata vuli ya mwaka 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo katika nchi kavu za Kenya, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa muda wa miaka 40, na mwishoni mwa mwaka 2022 Wakenya zaidi ya milioni 4 walikuwa wanahitaji msaada wa chakula. Pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200. Wanachama walijitolea sana, nasi tulioandika risiti twajua nani alitoa akiwa hana. Lori letu lilikwenda nyumbani mara nne. Kila liliporudi tulianza kukusanya upya, na shambani hapakuwa pamebadilika kitu.

Basi Halmashauri italeta shauri hili mbele ya mkutano mkuu: theluthi moja ya Mfuko wa Njaa igeuzwe kuwa mbegu za mawele na mtama kwa ajili ya sehemu za chini na kavu tu, na mashine moja ya kupura itakayozunguka katika vijiji. Sehemu za vilima ziendelee na mahindi yao na wimbi kidogo. Wakulima wa kijiji kimoja wapande kwa wakati mmoja, ili ndege wasilikute shamba moja pekee limeiva, na wenye kuamia walipwe wakiwa watu wazima, mtoto asitolewe shuleni. Kwa mbegu za mawele, mkulima atarudisha kipimo kile kile alichopewa baada ya mavuno, maana mbegu hiyo si chotara na haina haja ya kununuliwa kila msimu. Mke wa nyumba huchagua masuke mema, huyatundika juu ya meko, na moshi huyalinda.

Wapo wanaopinga, na katika Halmashauri yenyewe kura zilikaribiana. Mjumbe mmoja alisema kwamba mtu mwenye njaa leo hali mbegu ya mwakani, na kwamba theluthi hiyo ni watoto kadhaa watakaolala bila chakula ukame ukirudi kabla ya mavuno ya kwanza. Hakuna aliyeweza kumjibu vizuri. Mwingine alisema wake wa siku hizi hawatatwanga, naye alijibiwa na Mwakilishi wa Akina Mama kwa maneno ambayo Mwenyekiti aliamuru yasiandikwe. Tumeyaweka mashauri yote mawili hapa ili wanachama waje mkutanoni wamekwisha kuyapima.

Yule mzee aliyeuliza swali alifika ofisini mwezi wa Agosti akiwa na kibuyu kidogo chenye mwee uliotoka kwa dada yake, upande wa Tseikuru, ambao hakuacha kuupanda hata msimu mmoja tangu aolewe. Alitaka uwe wa kwanza katika hesabu ya mbegu za chama. Tulimwandikia risiti, tukakitia kibuyu katika kabati la chuma pamoja na vitabu vya hazina na kulifunga. Alisimama akatutazama, kisha akatwambia tukifungue, kwa kuwa mbegu haiwekwi katika kabati, huwekwa juu ya moto mahali panapopikwa. Sasa kibuyu kipo katika jiko la mke wa Mwenyekiti, na wanachama wanaotaka kuiona mbegu hiyo kabla ya mkutano waombwa wapige hodi huko, si ofisini.